Ombi la Meja Iturri

Dakika kumi kabla ya saa sita mchana, tarehe ishirini na nne ya Januari, hakuna mtu anayetembea La Paz. Watu wanasukumana. Makarani wametoroka ofisini, mabenki yamebaki na walinzi peke yao, na kila mwenye haja ana mfuko uliojaa vitu vidogo: nyumba ya ukubwa wa kiberiti, gari la kukaa kiganjani, cheti cha chuo kidogo kama stempu. Ulichonunua kidogo siku ya Alasitas, kikabarikiwa saa sita kamili, utakipata kikubwa kabla mwaka haujaisha. Ndivyo wanavyoamini, na wasioamini nao huja, isije ikawa kweli.

Nieves Calisaya alikuwa na haja moja tu: mashine ya kudarizi ya umeme. Alikuwa na miaka ishirini na minane, msuko mmoja mnene mgongoni, koti la sufu la zambarau, na kioo cha kukuzia kilichoning'inia shingoni kwa utepe, kwa sababu alisahau kukivua alipotoka kazini. Alifanya kazi mtaa wa Los Andes. Msimu wa ngoma alidarizi majoka ya nyuzi za dhahabu kwenye mavazi ya wachezaji. Msimu ukiisha alidarizi nyota za mabegani mwa wanajeshi. Yote kwa mkono.

Alipenya mpaka kwa yatiri, mzee wa kubariki, aliyekuwa amepiga magoti mbele ya jiko la makaa. Mzee alikusanya mifuko ya watu lundo moja, akaipitisha kwenye moshi wa uvumba, akainyunyizia mvinyo na petali za maua. Kengele za makanisa zikaanza kulia zote kwa pamoja. Kila mtu akanyakua mfuko wake.

Nieves alifungua wa kwake. Ndani mlikuwa na nyumba ya paa la bluu, sanduku la safari dogo, na kuku jike wa plasta.

"Huu si mfuko wangu!"

"Na huu si wangu," ilijibu sauti ya kiume pembeni yake. "Labda kama mimi ni fundi cherehani na sijaambiwa."

Alikuwa mwanamume mrefu, amevaa sweta ya kijivu, nywele zimekatwa karibu na ngozi. Nieves hakumtazama usoni kwanza. Alimtazama mabegani, kwa mazoea ya kazi.

"Wewe mwanajeshi."

"Nimevaa sweta, dada."

"Umevaa, lakini mabega yanangoja kushonewa kitu. Meja?"

Mwanamume akashtuka. "Umejuaje?"

"Kapteni angesimama nimtazame. Kanali asingekuja kusukumana na sisi. Aliyebaki ni meja."

Akacheka mpaka watu wakageuka. Jina lake lilikuwa Fabián Iturri, wa kikosi cha wahandisi, mtu wa Tarija, na kazi yake ilikuwa kuchora ramani za madaraja.

"Na huyu kuku kakupa nani?" Nieves aliuliza, kwani kuku jike, wa kuombea mke, hajinunulii mtu mwenyewe, hupewa na watu waliochoka kukuona mpweke.

"Vijana wangu kikosini. Wamechanga."

"Masikini. Kikosi kizima kimechoka."

"Tubadilishane basi, kabla kengele hazijanyamaza. Sitaki kuishia na cherehani."

Wakabadilishana mifuko mbio mbio kama watu wanaokwepa polisi, kisha wakaenda kunywa api ya moto, uji mwepesi wa mahindi ya zambarau, na mikate ya kukaanga iliyojaa jibini. Nieves alirudi kazini amechelewa kwa saa mbili, na harufu ya uvumba kwenye koti.

*

Mapenzi yao yaliingia kwa mlango wa Doña Justa. Doña Justa aliuza nyuzi kibanda cha pili kutoka kwa Nieves, na ndiye pekee mwenye simu. Hakuna maneno yaliyopita kwenye waya ule bila kupita kwanza masikioni mwake.

"Halo, Doña Justa? Niitie mdarizi wangu."

"Yupi? Hapa mtaani wako arobaini."

"Yule anayekunja uso."

"Nieves! Jeshi linakutaka!"

Mwezi Machi Fabián alimletea Nieves koti lake la sherehe amshonee nyota upya, kwa sababu ya zamani ilikuwa imechakaa. Nieves aliishona siku tatu, uzi juu ya uzi. Fabián alipolivaa alisimama mbele ya kioo kama kijana wa komunyo ya kwanza.

"Sasa hata nikitaka kuiacha kazi nitaionea huruma nyota," alisema.

"Vijana wako wanakuitaje? Meja Iturri?"

"Wanasema 'meja wangu'. Ndivyo tunavyoitana, wa chini kwa wa juu."

"Kwa hiyo wewe ni wa kila mtu. Mimi sitakuita hivyo ng'o."

Mama yake Nieves, Doña Encarna, alikuwa mwanamke wa sketi ya marinda na kofia ya duara, aliyezaliwa na kuolewa kwenye kambi ya machimbo ya bati, na alikuwa na maneno machache kama mwenye deni la maneno. Aliposikia habari za meja alisema mara moja tu:

"Miaka thelathini na tano, hana mke? Ana mmoja Tarija, ana mwingine Santa Cruz. Sasa anatafuta wa La Paz."

"Mama, hana."

"Umemuuliza nani?"

Nieves hakuwa ameuliza mtu. Tangu siku hiyo alianza kuhesabu vitu ambavyo hapo awali havikuwa na namba. Kwamba Fabián hakutaka apigiwe kambini siku za Alhamisi. Kwamba aliposemeshwa habari za mwakani alibadilisha mazungumzo. Kwamba siku moja mkahawani, Nieves aliporudi kutoka kunawa mikono, alimkuta ameshika kitambulisho chake, na kijitabu kidogo kimefunguliwa kando, na kalamu.

"Unafanya nini?"

"Naangalia picha. Umenuna vizuri."

"Na kalamu?"

"Kalamu iko mkononi mwangu tangu nizaliwe, Nieves."

Akacheka. Nieves naye akacheka, lakini kicheko chake kilichelewa kidogo.

Kisha, katikati ya Oktoba, ikaja simu hii:

"Mpenzi, nahitaji picha yako."

"Unayo ile tuliyopiga ziwani."

"Siyo ile. Nne. Za pasipoti. Nyuma nyekundu."

Doña Justa, aliyekuwa akipanga nyuzi, aliacha kupanga.

"Fabián, wewe ni mpenzi wangu au karani wa uhamiaji?"

"Nipe tu, roho yangu. Utaelewa baadaye."

Alizipiga. Alimpa. Lakini Doña Justa alimfuata mpaka kibandani kwake, mikono kiunoni.

"Mwanangu, mwanamume anayependa huomba picha moja akaitia pochini. Nne za nini? Anazigawa?"

*

Sikukuu ya wafu, tarehe mbili Novemba, Fabián alikuja nyumbani kwao kwa mara ya kwanza, na kikapu cha mikate yenye sura za watoto, kama desturi inavyotaka. Doña Encarna alikuwa ameshaandaa meza ya wazazi wake: mishumaa, miwa, mikate, bilauri za maji, picha mbili za zamani. Ukutani, juu ya cherehani ya kukanyaga, ilikuwepo picha ya tatu, ya mwanamume mwenye kofia ya mgodini. Chini yake hapakuwa na kitu. Hata mshumaa.

Fabián aliangalia meza, akaangalia ukuta.

"Na mzee, mama?"

Swali hilo halikuulizwa nyumbani mle.

"Meza huandaliwa wafu," Doña Encarna alisema. "Severo, mume wangu, wanajeshi walimchukua mwaka ule wa mapinduzi. Asubuhi. Uji wake ulikuwa mezani, alitoka na ndala. Maiti sijaletewa. Ofisini wananiambia, mama, andika tu mjane wa Calisaya, mambo yako yatakwenda haraka. Mimi ni mjane wa nani? Nani amemwona?"

Akanyoosha mshumaa uliokuwa umeinama.

"Wiki moja kabla, alikuja mtu na faili. Akauliza majirani: huyu ni nani, anatembelewa na nani, anakunywa, hanywi. Tulicheka. Tulidhani ni mtu wa sensa." Akamtazama mgeni. "Ulikuwa wapi mwaka ule, bwana meja?"

"Tarija, mama. Sekondari. Nilikuwa golikipa."

"Nitakuamini siku nyingine," alisema Doña Encarna, akamkatia mkate.

Fabián aliula wote. Alipoaga alisimama mbele ya ile picha ukutani muda mrefu kuliko adabu ilivyodai.

*

Wiki ya mwisho ya Novemba, Nieves alifika kazini akamkuta Doña Justa amefunga kibanda nusu, jambo ambalo hakulifanya hata alipofiwa.

"Ingia. Ingia ndani, usisimame hapo." Akamvuta mkono. "Amekuja mtu kuniuliza habari zako."

"Mtu gani?"

"Wa nguo za kiraia. Ana faili. Ameuliza kama unakunywa, kama una madeni, nani anakuja kukuona, baba yako alikuwa nani na amekwenda wapi. Kamuuliza mlinzi, kamuuliza padri, kamuuliza hata yule mama wa mayai! Mama wa mayai kamwambia unachagua sana mayai."

Nieves alichungulia nje kupitia nusu iliyobaki wazi.

"Viatu vyake?"

"Vyeusi. Vimeng'arishwa mpaka nimeyaona meno yangu."

Hakuna raia La Paz anayeng'arisha viatu namna ile. Nieves aliacha sindano yake ilipo akaenda nyumbani mbio. Mama yake alishasikia, habari ilimtangulia. Doña Encarna alikuwa amepiga magoti mbele ya begi la turubai, anapanga vitu polepole: sweta, sabuni, mswaki, soksi mbili za sufu, viatu vya kufunga.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Si langu. Lako." Hakuinua kichwa. "Safari hii mtu asitoke na ndala."

Begi liliwekwa kando ya mlango. Nieves alilitazama, na kichwani mwake vitu vyote alivyokuwa akivihesabu vikajipanga mstari: kitambulisho, kijitabu, picha nne. Nani alimjua mama wa mayai? Nani alijua habari za baba, isipokuwa mtu mmoja aliyekula mkate mzima akauangalia ukuta?

Alirudi kwa Doña Justa akapiga kambini. Ilikuwa Alhamisi.

"Nipe Meja Iturri."

Ikachukua muda. Kisha: "Nieves? Kuna nini?"

"Kuna mtu anauliza habari zangu mtaani. Ana faili. Wewe unamjua?"

Kule kambini mlango ukafungwa.

"Nieves... haya hayasemwi kwenye simu."

Doña Justa alifanya ishara ya msalaba.

*

Walikutana kesho yake bustani ya San Pedro, mchana kweupe, kwa sababu Nieves alitaka watu wengi karibu. Fabián alikuja na gwanda. Hawakukaa.

"Ni utaratibu tu wa jeshi," alianza. "Sajini wangu ndiye aliyetumwa. Nilimwambia awe mpole."

"Utaratibu wa nini?"

"Ofisa haoi bila ruhusa, Nieves. Kila Alhamisi unapanga foleni kwa wakubwa, unajaza kurasa sita. Unaambatanisha picha za mwanamke, nne, namba yake, ukoo wake, halafu mtu anakwenda kuuliza tabia zake. Tumezaliwa tukaukuta hivyo." Jasho lilimtoka ingawa palikuwa na baridi. "Nimeomba ruhusa ya kukuoa."

Njiwa walikuwa wakitembea miguuni mwao. Kwa sekunde moja Nieves alitaka kucheka, na kama angecheka, pengine yote yangeishia pale.

"Umeomba ruhusa ya kunioa," alirudia. "Kwa nani?"

"Kwa wakubwa."

"Na mimi nilikubali lini?"

Fabián akavua kofia.

"Nilitaka nije na ruhusa mkononi. Na pete. Isije nikakuuliza, ukasema ndiyo, halafu wao wakasema hapana, ukaumia bure."

"Kwa hiyo ulianza kwa jenerali, ukaenda kwa padri, ukaenda kwa mama wa mayai. Mimi ni wa ngapi kwenye foleni?"

"Nieves..."

"Mama yangu amenipangia begi, Fabián! Amenitilia soksi! Unajua hilo?"

Hakujua. Rangi ilimtoka usoni, na Nieves aliona kwamba hakujua, lakini hakutaka kumwonea huruma bado. Kulikuwa na jambo moja limebaki, kubwa kuliko mengine.

"Kwenye hizo kurasa sita kuna mstari wa baba?"

"Upo."

"Umeandika nini?"

Fabián alitazama chini. Mkono wake uligusa mfuko wa kifuani, palipokuwa na kalamu, ukarudi.

"Fomu ni ya siri. Siruhusiwi..."

"Umeandika marehemu, sivyo? Neno dogo. Linaingia vizuri kwenye kijisanduku. Mama yangu amelikataa miaka kumi na minane, wewe umelimaliza kwa kalamu moja."

Hakukanusha. Mtu asiye na hatia angepiga kelele, aliwaza Nieves.

"Ukitaka kunioa, ombi hilo ungelileta kwangu," alisema. "Kwaheri, Meja."

*

Krismasi ilipita bila simu. Tuseme zilikuja simu tano, na mara zote tano Doña Justa alifunika mdomo wa simu kwa kiganja, akauliza kwa macho, na mara zote tano Nieves alitikisa kichwa. Begi lilibaki mlangoni. Hakuna aliyekuja kuchukua mtu. Nieves alidarizi usiku na mchana kwa sababu ya oda za mwaka mpya, na kila nyota ya meja aliyoishona aliichoma sindano kwa nguvu zaidi ya ilivyohitaji.

Tarehe ishirini Januari, adhuhuri, Doña Justa alipenyeza kichwa kwenye pazia.

"Viatu vimerudi. Viko nje. Vinauliza nyumbani kwenu ni wapi."

Alikuwa kijana mnene mwenye aibu, ameshika kofia kwa mikono miwili. Sajini Tito Copa. Nieves alimpeleka nyumbani mwenyewe, akiwa mbele, asimwone machozi ya hasira. Doña Encarna hakumkaribisha kiti.

"Nimekuja kuomba radhi, mama," sajini alisema. "Sikujua kwamba mzee naye alitanguliwa na mtu wa faili. Ningejua ningekuja bila faili. Meja wangu hajui kama nipo hapa, akijua atanifunga."

"Umeomba. Nenda."

"Lipo jingine, mama. Ile fomu naipiga taipu mimi. Nimeipiga mara tatu. Iliporudi mara ya kwanza, wakubwa walitaka mstari wa baba usahihishwe. Wakasema, weka marehemu, yaishe, hakuna atakayeuliza. Neno moja. Nikamwambia, meja wangu, neno moja tu. Mwezi huo jina lake lilikuwa limeshapita kwenda kozi ya ukamanda, ambayo bila hiyo meja anazeeka na umeja wake. Akakaa na ile karatasi wiki nzima, hali, halali. Halafu akanipa niipige vilevile kama mwanzo. Ikarudi tena. Akanipa tena."

"Ikawaje?" Nieves aliuliza.

"Ruhusa wamekataa. Kozi wameifuta. Uhamisho umetoka, anakwenda Guayaramerín, mpakani huko mtoni, kwenye mbu. Anaondoka tarehe ishirini na tano."

Doña Encarna alikuwa amesogea bila mtu kumwona. Sasa alisimama mbele ya sajini, na kofia yake ya duara ilimfikia kifuani.

"Aliandika nini? Sema kama alivyoandika."

Sajini akafumba macho, kama mtoto anayesoma sala.

"Baba: Severo Calisaya, mchimba madini, kiongozi wa chama cha wafanyakazi. Alichukuliwa nyumbani kwake asubuhi. Hajarudishwa. Anasubiriwa."

"Rudia."

Akarudia.

Doña Encarna alikwenda mlangoni, akalivuta begi katikati ya chumba, akaanza kutoa vitu. Sweta. Sabuni. Viatu. Alipofika kwenye soksi za sufu alizishika, akafikiri.

"Ningempa yeye," alisema. "Lakini huko si kuna joto?"

*

Tarehe ishirini na nne, Nieves alipiga kambini asubuhi. Meja Iturri ametoka, aliambiwa, haijulikani atarudi saa ngapi. Akafunga kibanda. Hakununua kitu njiani. Kwenye mfuko wake mweusi alikuwa na kile kicherehani cha mwaka jana, ambacho hakikumletea mashine yoyote.

Dakika kumi kabla ya saa sita hakuna mtu anayetembea La Paz. Alisukuma, akasukumwa, akatukanwa na mama mmoja aliyebeba basi dogo la bati, na alipofika kwa yatiri yule yule alimwona: amevaa koti la sherehe, nyota begani, mfuko mweusi mkononi, anatafuta watu kwa macho kama mtu aliyepoteza mtoto.

"Umechoka, Meja," Nieves alisema.

"Wewe pia."

"Mimi ni kazi. Wewe?"

"Mimi ni wewe."

Fabián akatia mkono mfukoni akatoa kitu kidogo kama kiberiti, akakiweka kiganjani mwa Nieves.

"Uliniambia ombi nililete kwako. Nimelileta."

Ilikuwa karatasi iliyokunjwa mara sita. Nieves alishusha kioo chake cha kukuzia kutoka shingoni. Herufi zilikuwa nyembamba, zimenyooka, za mtu aliyezoea kuandika majina ya mito kwenye ramani. *Ombi la ruhusa ya kuoa. Kwa: Nieves Calisaya, mdarizi, mwenye mamlaka ya mwisho. Kutoka: Fabián Iturri, Meja.* Picha nne za ukubwa wa punje ya mahindi, nyuma nyekundu, uso umenuna katika zote nne. Nieves aliuma midomo asicheke. Akasogeza kioo chini. *Baba wa mwombwaji: Severo Calisaya. Anasubiriwa.*

Kioo kikafifia, akakifuta kwa kiwiko cha koti.

"Kwa nini hukunijibu siku ile bustanini?"

"Kwa sababu nilikuwa bado sijajua nitafanya nini." Alisema bila kujitetea. "Fomu ilirudi asubuhi ile ile, wakitaka neno marehemu. Kalamu ilikuwa mfukoni. Kama ningekuambia sitabadilisha, ningekuwa nakudanganya, nilikuwa sijui. Nilijua baada ya wewe kuondoka."

Nieves alimtazama. Kati ya yote aliyowahi kumwambia, hili ndilo aliloliamini bila kuhesabu.

"Na jeshi?"

"Nimeomba tena. Mstari ni ule ule. Wanaweza kukataa tena."

"Halafu?"

"Nitaomba tena. Nikichoka, nitaivua nyota. Raia nao wanavuka mito."

"Usiivue. Nimeishona siku tatu." Akarudi kwenye karatasi. "Hapa kuna barua za tabia njema. Ya kwanza imesainiwa na... Doña Justa?!"

"Ameandika kwamba napiga simu sana."

"Msaliti. Ya pili Sajini Copa. Ya tatu haina saini."

"Ya tatu ni ya mama yako. Hiyo naogopa kuiomba."

Nieves akaikunja karatasi mara sita, taratibu, akakunja na uso.

"Basi ombi halijakamilika, meja wangu. Siwezi kuidhinisha ombi ambalo halijakamilika. Ndio utaratibu."

Ilimchukua Fabián muda kusikia alivyoitwa. Aliposikia, masikio yake yalikuwa mekundu kama nyuma ya zile picha.

Kengele zikaanza. Yatiri aliichukua mifuko yao miwili, akaipitisha kwenye moshi, akainyunyizia mvinyo, na kwa haki akairudisha kila mmoja kwa mwenyewe. Nieves alichungulia mfuko wa Fabián: nyumba ya paa la bluu, ile ile.

"Nipe hiyo," alisema. "Chukua cherehani. Safari hii tubadilishane makusudi."

*

Doña Encarna alipakua chakula saa saba, kama siku zote. Sahani zilikuwa tatu, na hakumwambia mgeni avue koti la jeshi nje. Walikula mpaka mwisho. Kisha Nieves akaweka ile karatasi mezani, akamwekea mama yake kioo cha kukuzia juu yake, na kalamu ya Fabián.

Mama alisoma muda mrefu. Alisoma mstari mmoja mara nyingi kuliko mingine.

"Ndege saa ngapi?"

"Kesho saa moja asubuhi, mama."

"Golikipa, ulisema."

"Golikipa, mama."

"Mzuri?"

"Mbovu sana."

Doña Encarna akatikisa kichwa, kama mtu aliyesikia ukweli hatimaye. Alishika kalamu kwa vidole vizito vya kusaga mawe ya bati, akaandika herufi moja baada ya nyingine, akitoka nje ya nafasi aliyowekewa, kwani jina lake lilikuwa refu na yeye hakutaka kulifupisha. Aliposukuma karatasi, Nieves aliinama na kioo asome.

*Encarnación, mke wa Calisaya.*